Askari Niliyemnywesha Sukari Kirua

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya uongo ambao sikuusema mimi. Aliusema mke wangu, Filomena, na kosa langu ni kuukalia kimya kwa sababu ulikuwa mtamu. Ninyi ndugu zangu wa Singida mnaijua kazi yangu: ni dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa, huku tambarare chini ya mji wa Moshi. Miongoni mwa watu ninaowabeba ni wale wanaokagua miwa kutafuta vipekecha, yaani viwavi wa nondo wanaotoboa bua na kujificha ndani yake. Mimi huwapeleka, huwasubiri, na jioni huwarudisha. Filomena alipoulizwa kwao Kirua Vunjo mumewe anafanya kazi gani, alijibu kwamba nipo upande wa wadudu. Jibu hilo lilipopanda mlima likanenepa. Lilipofika nyumba ya tatu nilikuwa tayari Bwana Wadudu, na tangu hapo kila nikienda ukweni hupewa kiti chenye mgongo na kuulizwa habari za kunguni.

Masika ya mwaka huu yalipoanza, kiwanda kilisimama kusaga kama kawaida yake, nami nikapata likizo. Nilikuwa nimepanga kulala. Ndipo mama mkwe wangu, Mama Apolinari, alipompigia simu binti yake. Mibuni iliyoachwa na marehemu baba mkwe ilikuwa imezeeka na mingine kukauka. Mama alikuwa ameing'oa ile mibovu, akasia mbegu, na akakuza miche mipya kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya plastiki inayojazwa udongo. Alisubiri mvua ikolee aihamishie kwenye kihamba, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba yake. Mwanawe, Apolinari, hakuitaka kahawa tena. Alitaka parachichi. Basi wakakubaliana kwamba miche ikifika shimoni ikiwa hai, kahawa itabaki. Ikishindwa, kipande chote kitapandwa parachichi na Mama hatasema neno. Sasa viwavi wenye pembe walikuwa wamevamia kitalu.

"Mwambie Baba Neema aje," Mama alisema. "Si ndiyo kazi yake."

Filomena alinitazama, nami nikamtazama. Ulikuwa wakati mzuri wa kusema ukweli, tukauacha upite.

Asubuhi ya safari nilianza kwa kuazima koti jeupe kwa jirani yangu anayepima utamu wa miwa kiwandani. Moshi mjini nikaingia duka moja la vifaa vya shule, la mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo Moshi na anayezungumza Kichagga ambacho mimi, baada ya miaka yote hii ya ndoa, bado nakisikia kama mvua juu ya bati. Nikanunua lenzi ya kukuzia vitu, ile ya watoto, na chupa ya plastiki yenye mdomo mpana. Mzee aliniuliza mtoto wangu yuko darasa la ngapi. Nikamwambia lenzi ni yangu. Akaniuliza kwa upole kama nimeshawahi kwenda kupima macho.

Zawadi nilikuwa nayo tayari, sukari. Mtu wa mashamba ya miwa akienda ukweni bila sukari hata mbwa hamtambui. Nikapanda gari hadi Uchira, ambako barabara ya Kirua inaachana na ile ya Himo na kuanza kupanda. Mvua ilikuwa imeanza, gari za abiria zimeadimika, nikapata nafasi juu ya pikapu iliyobeba majani ya ng'ombe. Huku juu ng'ombe hawatoki nje, wanalishwa zizini, na majani yao hupandishwa kutoka chini kila siku. Nikalivaa koti langu jeupe nisije nikaliharibu ndani ya begi, nikakaa kileleni mwa ule mzigo. Mama mmoja mwenye majani hayo aliniuliza kama mimi ni daktari wa mifugo. Nikamjibu kwamba nashughulika na viumbe wadogo zaidi. Akadhani nazungumzia kuku.

Kwenye kona moja gari lilikwama kwenye tope, tukashuka kusukuma. Mimi nilishika nyuma ya tairi, mahali ambapo dereva wa trekta kuliko watu wote anapaswa kujua kwamba hapashikwi. Tairi lilipozunguka, tope lote la Vunjo likahamia kifuani mwangu. Nikafika kwa mama mkwe nikiwa mweupe mgongoni, kahawia mbele, na majani mabichi yamening'inia kwenye kola. Kama kuna kiwavi aliyeniona siku ile, bila shaka alidhani ni ndugu yake mkubwa.

Kirua, mchana ule, nilipokelewa kwa heshima isiyolingana na hali ya koti langu. Nilimwamkia Mama shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa maji ya kunawa na bakuli la mtori wa moto. Apolinari alikuja akanishika mkono. Ni kijana wa pikipiki, mwenye maneno mengi na moyo mwema, na siku hiyo alikuwa amebeba pampu ya dawa mgongoni. Alitaka kupuliza pale pale. Mama akamwambia asubiri, shemeji yake kwanza aangalie.

Basi nikaangalia. Kitalu kilikuwa pembeni mwa zizi, chini ya kivuli cha majani ya migomba, na miche imejipanga kwenye viriba vyake kama watoto wa shule mstarini. Viwavi walikuwa wanene, wa kijani sawasawa na majani ya kahawa, na kila mmoja ana pembe moja. Pembe yenyewe haiko kichwani. Iko nyuma, mwisho wa mwili, hivyo nilimsalimia wa kwanza kwa upande usiofaa. Ubavuni wana vitundu vidogo vyenye wekundu, na ukiwagusa huinua kifua na kutulia, kama mtu aliyeulizwa swali asilolijua. Mkao huo niliufahamu vizuri sana. Walikuwa wanakula majani machanga kutoka ukingoni kuelekea katikati, na sauti ya kula kwao, ukiinama, ilisikika. Nikatoa lenzi yangu. Nikasema, "Mh." Mama akatikisa kichwa kwa shukrani, kana kwamba nimesema jambo.

Hadi siku hiyo yeye alikuwa akiwaokota kwa mkono kila asubuhi na kuwapa kuku. Kazi hiyo ilikuwa inaendelea vizuri kabla mimi sijafika.

Kesho yake jua lilitoka, nami nikapata ufunuo. Nilikuwa nimesimama kitaluni na koti langu, limefuliwa lakini halijasahau, nikaona mdudu anaelea juu ya miche. Alikuwa na umbo la nyuki mnene, lakini mkubwa kama kidole gumba. Mgongo wake ulikuwa wa kijani cha mzeituni, kiunoni ana mkanda mwekundu, mkiani ana kishungi cheusi, na mabawa yake yalikuwa maangavu kama kioo cha dirisha. Hakutua. Alisimama hewani mbele ya jani, akaukunja mkia, akaugusisha chini ya jani, kisha akaenda jani jingine. Akafanya hivyo hivyo. Na jingine.

Hapa inabidi niwaeleze elimu yangu niliipata wapi. Kule kwenye miwa, wakaguzi wakimaliza kazi huingia chumba chao, nami huegemea mlangoni nikiwasubiri wanywe chai. Kwa kuegemea huko nimejua kwamba kuna nyigu wadogo wanaofugwa na kuachiliwa shambani. Nyigu hao humchoma kipekecha na kuweka mayai mwilini mwake. Kiwavi anaendelea kutembea, lakini ndani yake wamo askari wetu, na mwisho hutoka wao badala ya nondo. Jambo hilo ni kweli kabisa, nimeyaona machupa yao. Nilichokikosa ni sehemu ya darasa iliyobaki ndani ya chumba, ambayo haikufika mlangoni.

Nikawaita Mama na Apolinari. Nikawaonyesha yule mdudu wa kioo anavyogusa jani baada ya jani kwa mkia.

"Huyo ni askari," nikasema. "Anawachoma viwavi, anawawekea mayai. Ndani ya kila kiwavi mnayemwona hapo kuna askari anakua. Mkipuliza dawa, mnaua jeshi lenu wenyewe."

Apolinari aliitua pampu. Mama akaniuliza kama basi aendelee kuwaokota. Nikafikiri kidogo, kwa kuwa mtaalamu hufikiri kidogo kabla ya kujibu, kisha nikamwambia hapana. Kumwua kiwavi ni kumwua askari aliye tumboni mwake. Kuku wakanyimwa kiamsha kinywa kuanzia siku ile, na walinitazama vibaya tangu hapo.

Siku zilizofuata nilifanya kazi kwa bidii, na msidhani nilikaa tu. Niligundua kwamba askari wangu hupenda maua yaliyokuwa kwenye kaburi la baba mkwe, upande wa juu wa nyumba. Huku watu huwazika wazee wao ndani ya kihamba, na Mama alikuwa amelizungushia kaburi la mumewe maua ya waridi ya mlima ambayo huchanua masika yote. Mdudu alikuwa akisimama hewani mbele ya ua, ananyoosha ulimi mrefu kama uzi, anakunywa, anahama. Nikatoa hoja kwamba tunamsumbua askari kwa kumtembeza kutoka kwenye maua hadi zizini. Kitalu kihamie kaburini. Apolinari akavibeba viriba vyote, mimi nikielekeza. Mama hakupinga. Alisimama akiitazama miche ikipangwa kandokando ya kaburi, akasema kwamba Baba alipenda kahawa, basi aichunge mwenyewe. Alisema kwa sauti ndogo. Mimi nikajiona mtu wa maana kweli kweli.

Kisha nikaongeza jambo ambalo hadi leo Filomena hulitaja tukiwa na wageni. Nilichukua sukari niliyomletea Mama, nikaikoroga na maji, nikaloweka pamba na kuzitundika kwenye vijiti kati ya miche, ili askari asiishiwe nguvu kazini. Alikuja. Akaja na mwenzake. Mama alikuwa akinywa chai isiyo na sukari na kuniambia haidhuru, alishauriwa na daktari apunguze.

Na mmoja wa viwavi, aliyenenepa kuliko wote, nilimtia kwenye chupa yangu yenye udongo na majani ya kahawa, nikatoboa kifuniko, nikaiweka dirishani sebuleni. Nilitangaza kwamba siku si nyingi askari atatoka humo mbele ya macho yetu. Baada ya muda kiwavi aliacha kula, akageuka rangi akawa wa kutu, akazunguka chupa nzima kama mtu aliyepoteza ufunguo, kisha akaingia udongoni. Nilipofukua kidogo kwa kijiko nikakuta kidude cha kahawia, kigumu, kilichochongoka upande mmoja, kama kokwa ya tende. Ukikigusa kinatikisa ncha. Nikamwonyesha Mama na kumwambia askari anavaa sare.

Wakati huo huo, nje, miche ilikuwa inaisha. Sikutaka kuiona hivyo, lakini ilikuwa inaisha. Viwavi walizidi badala ya kupungua, wadogo kwa wakubwa, na yale majani machanga ambayo Mama alikuwa ameyasubiri tangu mbegu yalibaki mishipa tu. Kila asubuhi Mama alisimama kaburini mikono nyuma. Hakunilaumu. Aliniuliza mara moja tu kama jeshi huwa linachelewa hivi. Nikamwambia vita vina hatua zake. Usiku ule sikulala vizuri. Niliogopa. Sikuogopea jina langu tu. Nilikuwa nimeanza kumwona Mama anavyoikagua ile miche mmoja mmoja kwa vidole, na nikajua kwamba kama imeharibika, mimi ndiye nitakayekuwa nimeing'oa kahawa ya mtu ambaye hakunikosea lolote.

Halafu viwavi wakatoweka. Siku moja walikuwa wengi, siku chache baadaye hakuna. Nikapiga makofi. Nikawaita watu, nikatangaza ushindi, na Mama akapika kitawa, ndizi zilizopondwa na maziwa, tukala. Apolinari peke yake ndiye hakushangilia.

"Shem," akasema, "mi naona wameondoka kwa sababu menyu imeisha."

Nilimjibu kwamba kijana hana subira. Lakini ni kweli kwamba kaburini hapakuwa na jani lililobaki. Kulikuwa na vijiti tu, vimesimama kwenye viriba.

Asubuhi moja karibu na mwisho wa likizo yangu, kile kidude kwenye chupa kikaanza kutikisika. Niliwaita wote sebuleni. Nilikuwa nimelivaa koti. Kidude kikapasuka mgongoni, na akatoka mdudu mwenye unyevu, mabawa yamekunjamana, akapanda kijiti nilichomwekea. Tulisubiri. Mabawa yakashuka polepole kama nguo iliyoanikwa. Yalikuwa ya kijivu, yamejaa vumbi, si ya kioo hata kidogo, nami nikaanza kuona moyo unapoa, maana alifanana na nondo wa kawaida anayegonga taa. Nikasema labda huyu si mwenyewe. Kisha akayatetemesha. Vumbi lote la kijivu likamtoka kama unga uliopulizwa, likaanguka dirishani, na chini yake mabawa yakabaki maangavu. Mgongo wa mzeituni. Mkanda mwekundu. Kishungi cheusi. Akainuka, akasimama hewani mbele ya uso wangu, akatoka dirishani moja kwa moja kuelekea kaburini.

Apolinari alipiga mluzi. Akasema shemeji yake alitabiri kwamba askari atatoka kwenye kiwavi, na ametoka kweli, na sare yake. Aliniomba msamaha kwa maneno yake ya siku ile. Jirani aliyekuwepo akanishika mkono. Ninyi mnaonijua mnaweza kufikiri jinsi jambo lile lilivyonivuta. Ningeweza kutabasamu, nikafunga begi na kuondoka Bwana Wadudu mara mbili.

Lakini nyigu anapotoka kwenye kipekecha, kipekecha hubaki gamba lililotobolewa. Hapa hapakubaki mzoga wa kiwavi pembeni. Kiwavi aliingia udongoni, na kiwavi yule yule ndiye aliyetoka, amebadilika tu. Sikuhitaji kuegemea mlango wa mtu kuliona hilo. Na kama askari ndiye kiwavi, basi ule mkia uliogusa jani baada ya jani haukuwa unachoma mtu.

"Mama," nikasema, "huyu si askari. Huyu ndiye mama yao. Alikuwa anataga."

Mama alilitazama lile vumbi la kijivu dirishani, akalifuta kwa kidole.

"Kwa hiyo," akasema, "nimekunywa chai kavu ili yeye anywe sukari."

"Ndiyo, Mama."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema habari ya anayekihamishia kikulacho kitanda na kukipa chakula. Baadaye Apolinari alimtumia bwana shamba wa kata picha, naye akajibu kwamba huyo ni nondo wa kahawa. Yeye ni wa jamii ya nondo wanaosimama hewani wakinywa, isipokuwa wenziwe wengi hutembea usiku na yeye hutembea mchana kweupe. Hutaga yai moja moja chini ya majani machanga. Yai likianguliwa, kiwavi hula hadi anenepe, hushuka udongoni, hugeuka kile kidude, na hutoka na vumbi lake ambalo hulipoteza anapoanza kuruka. Yote hayo nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu mawili na lenzi. Nilikuwa nimeyaelewa kinyume, basi.

Alasiri ile nilikaa nje nikiwa nimeyavua makoti yote, la mwilini na la rohoni. Apolinari akaja akaniambia kwamba kwao mtu akikosa sana huchuma isale, lile jani refu linalopandwa mipakani, akalipeleka kwa aliyemkosea, na hakuna anayeweza kulikataa. Nikaenda nikachuma. Nikalishika kwa mikono miwili, nikampelekea Mama jikoni, nikapiga goti. Maneno niliyoyaandaa yalinipotea. Nikasema tu kwamba nimeimaliza kahawa ya Baba na ninaona aibu.

Mama hakulipokea.

"Isale ni la watu waliogombana," akasema. "Mimi na wewe tumegombana lini? Wewe umekosea tu. Inuka, kuna kazi." Akaenda nyuma ya mlango, akarudi na jembe, akanipa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa mkwe wa nyumba ile miaka yote na sikuwahi kupewa hata kisu cha kumenyea ndizi, kwa sababu mikono ya mtaalamu haichafuliwi. Nililipokea, na sijui niseme nini zaidi ya kwamba machozi yalinilenga, nikasingizia moshi.

Kwanza tulifukua udongo kaburini na kukusanya vile vidude vya kahawia, tukawapa kuku, nao wakanisamehe papo hapo. Lenzi ilipata kazi yake ya halali kwa mara ya kwanza. Nilikagua chipukizi moja moja kwenye mibuni mikubwa nikitafuta mayai, madogo kuliko kichwa cha pini, ya kijani cha manjano. Kisha tukachimba mashimo. Apolinari aliuliza tunachimbia nini. Mama akajibu kwamba tunachimbia miche.

"Mama, ile si miche," akasema kwa huruma. "Ile ni vijiti."

"Wamekula majani. Mzizi wameuona wapi?"

Apolinari alikuwa na haki yake, maana makubaliano yalikuwa mche hai, na kijiti si mche. Angeweza kudai parachichi zake siku ile na hakuna ambaye angemlaumu. Alikwenda akachukua sururu, akachimba upande wa juu wenye mawe, ambako mimi jembe lilinishinda. Tulipanda vijiti hadi jua likaisha, vimesimama kwenye mashimo yao chini ya migomba, na kusema kweli vilitia aibu kuvitazama.

Siku ya kurudi, mvua ilinisindikiza hadi Uchira. Nilishuka na mkungu wa ndizi na koti lililokunjwa. Mama alinisindikiza hadi mferejini, akaniambia nimsalimie Filomena na nimwambie kwamba safari nyingine amlete mkwe tu. Mtaalamu wameshampata, ametosha. Nyumbani Filomena alifungua mlango na swali lake la kwanza lilikuwa miche. Nikamwambia imebaki vijiti. Akaniuliza mama yake amesemaje. Nikamwambia amevipanda. Alikwenda kuweka maji ya chai, akakaa nayo muda mrefu, na mimi nikajua ni hesabu gani anaipiga, kwa sababu uongo ule ulikuwa wake na utekelezaji ulikuwa wangu.

Mkiniuliza nilijifunza nini huko mlimani, sitawaambia habari za nondo peke yake, ingawa sasa naweza kuwaeleza maisha yake yote bila kukosea hata hatua. Nilijifunza kwamba nusu ya elimu ina miguu mizuri kuliko elimu nzima. Inafika mapema, inakaa kwenye kiti chenye mgongo, na watu wema huwanyima kuku chakula kwa ajili yake.

Kiwanda kilikuwa kimeshaanza kusaga tena, nami niko juu ya trekta, simu ilipoita. Alikuwa Mama mwenyewe, ambaye huwa anabipu tu.

"Baba Neema, vimechipua," akasema. "Si vyote. Lakini vingi. Apoli ameshavizungushia matandazo."

Nilizima injini. Nilitaka kusema mengi, lakini hakunipa nafasi, kwa kuwa alikuwa na swali.

"Yule wako wa kioo amekuja. Yuko kwenye maua ya Baba sasa hivi, anakunywa. Apoli ameshika ndala. Huyu ni dume au jike? Kama ni dume tumwache anywe, hana kosa."

Wakaguzi walikuwa nyuma yangu kwenye tela, wametulia, wananisikiliza. Nilifikiri kidogo.

"Sijui, Mama," nikasema.

Nikamsikia anamwambia Apolinari aweke ndala chini, waende wote wakaangalie chini ya majani.